Kumheshimu Askari si Kuvisifu Vita

Kila panapozuka mjadala juu ya vita, hasa vita vinavyopiganwa nje ya mipaka ya nchi, husikika kauli moja ambayo imekuwa kama kufuli la kufungia midomo ya watu: kwamba anayevipinga vita anawapinga askari wanaovipigana. Kauli hii husemwa na wanasiasa, husemwa katika mikutano ya hadhara, na twaamini kwamba husemwa pia katika mabweni ya kambi na katika vituo vya polisi, ambako ninyi, ndugu zetu wa majeshi ya ulinzi na usalama, husoma ukurasa huu. Leo twapenda kuitazama kauli hiyo kwa utulivu, bila jazba, na kueleza kwa nini sisi hatuikubali.

Msimamo wetu ni huu. Kila vita vina hesabu mbili. Ya kwanza ni hesabu ya vita vyenyewe: vilianzishwa kwa nini, kwa idhini ya nani, kwa faida ya nani, na vitakwisha lini. Hesabu hii huandikwa kwa jina la wale walioamua. Ya pili ni hesabu ya mwenendo: nani aliyemlinda raia na nani aliyemwibia, nani aliyemkamata adui akampa maji ya kunywa, na nani aliyempiga risasi hali ameinua mikono. Hii huandikwa kwa jina la kila askari, peke yake. Anayezichanganya hesabu hizi mbili huwakosea haki watu wote. Humbebesha koplo deni la rais, na pengine humfutia koplo deni lake mwenyewe kwa kisingizio cha rais.

Kwa wasomaji wa magharibi mwa Uganda jambo hili si la vitabuni. Mbarara ni mji wa askari tangu zamani. Hapo ndipo kilipokaa Kikosi cha Simba katika miaka ya 1970, na hapo Makenke ndipo yalipo makao ya Divisheni ya Pili ya UPDF. Ukitoka mjini kuelekea kusini-mashariki, safari ya saa chache tu, utafika kandokando ya ziwa katika wilaya ya Isingiro, yalipo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalitangazwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Leo wamo humo zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Kambi huwapeleka watu vitani; makazi huwapokea watu waliotoka vitani. Na siku ya soko mjini Mbarara, mke wa askari na mwanamke mkimbizi huenda wakanunua ndizi kwa mchuuzi mmoja.

Watu hawa wawili, askari na mkimbizi, hudhaniwa kuwa watu wa dunia mbili tofauti. Historia ya sehemu hii yakanusha. Mnamo Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika nyumba na mashamba yao, wakaporwa ng'ombe, wakasukumwa ama kuvuka mpaka ama kujazana katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Vyombo vya usalama vilivyopaswa kuwalinda havikuwalinda. Vijana wengi wa watu hao wakaingia msituni kujiunga na NRA, na tarehe 1 Oktoba 1990 maelfu wakavuka mpaka pale Kagitumba, wakiwa na silaha, kurudi Rwanda kwa nguvu. Kwa upande mwingine, askari waliomtumikia Idi Amin walijikuta mwaka 1979 hawana jeshi wala nchi, na wengi wao wakakimbilia Sudan na Zaire pamoja na wake na watoto. Kwa hiyo mkimbizi wa jana huwa askari wa leo, na askari wa leo aweza kuwa mkimbizi wa kesho. Anayewaza juu ya vita na awaze akiwakumbuka wote wawili.

Tuanze na vita ambavyo leo ni vigumu kumpata mtu wa kuvitetea. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuivamia sehemu ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba sehemu hiyo imekuwa mali ya Uganda. Raia waliuawa, wanawake walidhulumiwa, nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na daraja la Kyaka likavunjwa. Hapakuwa na sababu ya haki. Wako wanahistoria waandikao kwamba jeshi lenyewe lilikuwa limeingiwa na maasi, na kwamba kuivamia Kagera kulikuwa njia ya kuyafunika maasi hayo kwa vumbi la ushindi.

Sasa twauliza: mtu wa Mbarara aliyevichukia vita hivyo moyoni mwake mwaka 1978, je, alikuwa adui wa kijana wa kikosi aliyepandishwa lori usiku akaambiwa twende? Twaona kinyume chake. Yeye peke yake ndiye aliyemtakia kijana yule heri, kwa kuwa alitaka arudi nyumbani. Wale walioshangilia ndio waliompeleka mahali ambako hakuwa na haja ya kwenda, akapambane na jeshi ambalo halikuwa limemkosea. Matokeo twayajua. Mbarara na Masaka zilitekwa Februari 1979, Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili, na aliyeamuru vita akaondoka akaishi uhamishoni hadi alipofariki Saudi Arabia mwaka 2003. Kijana wa kikosi hakuwa na ndege ya kumpeleka uhamishoni.

Wala msiba haukuishia kwa askari. Kwa kuwa watu walikwisha kuzichanganya hesabu mbili tulizozitaja, mkoa mzima wa Nile Magharibi uliadhibiwa kana kwamba kila mama mwenye nyumba huko ndiye aliyeandika amri ya kuivamia Kagera. Tangu Oktoba 1980 askari wa jeshi jipya la UNLA waliwafanyia kisasi raia wa huko, na watu wakahama kwa makundi kuingia Zaire na Sudan. Juni 1981, katika misheni ya Ombaci karibu na Arua, raia waliokimbilia humo kutafuta usalama waliuawa. Huko ndiko kunakoishia mawazo ya kwamba vita na askari, na hata vita na kabila la askari, ni kitu kimoja.

Mizani ina pande mbili, na haki yataka tuutazame upande wa pili. Tanzania ilipigana vita vya haki, ilivamiwa, ikajitetea. Hata hivyo, askari wa Tanzania walipoingia Masaka na Mbarara, wakiwa na hasira ya yale waliyoyaona Kagera, majengo mengi ya miji hiyo yalibomolewa kwa mizinga na baruti. Wenye nyumba na maduka ya Mbarara hawakuwa wameivamia Kagera. Wengi wao walikuwa wakiiomba siku ile ya ukombozi, na ilipofika waliipokea wakiwa wamesimama juu ya vifusi. Miaka mingi baadaye magofu ya miji hiyo yalikuwa bado yakionekana.

Mji mmoja wa Mbarara, basi, watufundisha mambo mawili kwa pamoja. Vita vya haki havimsafishi askari aliyefanya uovu ndani yake. Na vita vya dhuluma havimchafui askari aliyekataa kufanya uovu ndani yake. Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi, na maana yake ni kwamba aliyetumwa asiadhibiwe kwa neno la aliyemtuma. Lakini mjumbe aliyeongeza maneno yake mwenyewe njiani hujibu kwa maneno hayo.

Mwalimu Julius Nyerere alipowahutubia wananchi wake mwanzoni mwa Novemba 1978 alitaja vitu vitatu: uwezo wa kupigana, sababu ya kupigana, na nia ya kupigana. Wengi hukumbuka uwezo na nia, maana ndivyo vilivyoonekana baadaye katika uwanja wa mapambano. Sisi twalitilia mkazo neno la kati. Uwezo ni mali ya jeshi, na nia ni mali ya taifa, lakini sababu ni haki ya askari. Anapotolewa kwa mke wake na watoto wake akaambiwa aende akafe ikibidi, taifa lina deni la kumpa sababu iliyo wazi, ya kweli, na inayoweza kusemwa mchana mbele ya watu. Askari mwenyewe hawezi kulidai deni hilo gwarideni, kwa kuwa nidhamu yamzuia. Nani basi atamdaia, kama si raia?

Hapa ndipo tulipo katika kiini cha maneno yetu. Raia anayeuliza sababu ya vita huifanya kazi ambayo askari hawezi kujifanyia. Akinyamazishwa kwa hoja ya kuwaheshimu askari, wanaonyang'anywa mtetezi ni askari hao hao.

Tutoe mfano mwingine ulio karibu na nyumbani zaidi. Agosti 1998 vilianza vita vya pili vya Kongo, na majeshi ya Uganda na Rwanda yakaingia humo yakiwa upande mmoja. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1999, majeshi hayo mawili yalipigana yenyewe kwa yenyewe katika mji wa Kisangani. Yakapigana tena Mei 2000, na tena Juni 2000 kwa siku sita, yakirushiana makombora juu ya vichwa vya wenyeji. Mamia ya raia walikufa. Wala waliopigana hawakuwa wageni wao kwa wao. Maafisa wengi wa jeshi la Rwanda walikulia katika makazi ya wakimbizi ya magharibi mwa Uganda, wakavaa magwanda ya NRA, wakala chungu kimoja na wale waliokuwa wakiwalenga. Fahali wawili walipigana, na nyasi zilizoumia hazikuwa za malisho ya yeyote kati yao.

Je, ni askari gani aliyeulizwa kama yataka kupigania Kisangani? Na ni heshima gani aliyopewa kwa kunyamaza kwetu? Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa kwa kutumia nguvu za kijeshi katika ardhi ya Kongo, na kwamba askari wake waliwatendea raia maovu na kupora mali. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo ilikadiria fidia kuwa dola za Marekani milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka. Fedha hizo hutoka katika mfuko wa taifa, ule ule utoao mshahara wa askari, dawa za hospitali yake na karo ya mtoto wake. Lau swali lingaliulizwa kwa sauti kubwa mwaka 1998, na likajibiwa kwa ukweli, pengine deni hilo lisingalikuwapo, na wako vijana ambao leo wangalikuwa hai na kuwalea watoto wao.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, na si pingamizi la kudharauliwa. Husemwa kwamba askari aliye handakini anaposikia kuwa nyumbani watu wanabishana juu ya vita, moyo wake hulegea na adui hupata nguvu. Twakubali kwamba yako mambo yasiyofaa kusemwa hadharani: njia watakayopita, idadi yao, siku ya kushambulia. Hizo ni siri za mapigano, na raia mwema huzitunza. Lakini sababu ya vita si siri ya mapigano. Sababu inayoogopa kuulizwa haitampa askari moyo hata ikifichwa namna gani, maana yeye yuko pale, anaona kwa macho yake, na hujua kabla yetu kama anayoambiwa ni kweli.

Tena hebu tutazame ni nani aliyepata hasara zamani zile ambapo maswali yalikatazwa kabisa. Mwaka 1971 askari wa makabila ya Acholi na Lango waliuawa na askari wenzao katika kambi kadhaa za Uganda, na kambi ya Mbarara ilikuwa mojawapo. Wamarekani wawili, Nicholas Stroh aliyekuwa mwandishi wa habari, na Robert Siedle aliyekuwa mhadhiri wa Makerere, walikwenda Mbarara mwezi Julai mwaka huo kuulizia mauaji hayo. Wao pia wakauawa. Jaji David Jeffreys Jones, aliyeteuliwa kuchunguza vifo vyao, aliona kwamba waliuawa na maafisa wa kikosi cha hapo hapo. Na tukumbuke watu hao wawili walikwenda kuuliza habari za nani: walikwenda kuuliza habari za askari waliouawa. Mahali ambapo mwuliza swali hana usalama, mwenye bunduki naye hana usalama.

Sheria za Uganda zenyewe hazioni kosa katika kuuliza. Katiba ya mwaka 1995 yasema kwamba rais atatangaza hali ya vita kwa kibali cha Bunge, na yaliachia Bunge jukumu la kutunga sheria juu ya kupeleka majeshi nje ya nchi. Maana ya vifungu hivyo ni kwamba mjadala ni sehemu ya vita halali, kama zilivyo risasi na chakula. Wanajeshi wa Uganda walipoingia Sudan Kusini Desemba 2013, Bunge liliombwa kibali Januari 2014, hali askari wakiwa tayari uwanjani. Kibali kilitolewa. Lakini mbunge atasemaje hapana wakati ndugu zake wamekwisha kulala mahandakini? Hapo kauli ile ya kufungia midomo hufanya kazi yake kamili: askari hutangulizwa, kisha kuwapo kwao huko kukawa ndiyo hoja ya kuendelea kuwapo. Huko si kumheshimu askari. Ni kumfanya ngao dhidi ya swali.

Hatusemi kwamba kila safari ya majeshi nje ya nchi ni dhuluma. Majeshi ya Uganda yaliingia Somalia Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika, na miongoni mwa Wasomali wa Nakivale wamo waliokimbia vitendo vya wale wale ambao askari hao walikwenda kupambana nao. Tarehe 26 Mei 2023 kambi ya Waganda huko Buulo Mareer ilishambuliwa, na serikali ikatangaza kwamba askari 54 waliuawa. Baada ya msiba huo wananchi wengine walisema tuendelee, damu yao isipotee bure. Wengine walisema imetosha, warudi. Sisi twasema pande zote mbili ziliweza kuwalilia marehemu hao kwa machozi ya kweli. Aliyesema warudi hakuwatukana waliokufa. Aliwafikiria waliobaki.

Basi ni nini kumsaidia askari? Maneno ya kusifu ni rahisi, na bendera ni nyepesi kupepea. Msaada wa kweli una uzito. Kwanza, ni kusema ukweli juu ya waliokufa: familia ipewe habari mapema, ipewe mwili au kaburi, na isiachwe kusikia msiba kwa wapita njia. Pili, ni mshahara unaofika kwa wakati, na silaha na dawa zilizo sawa na hatari anayopelekwa kuikabili. Tatu, ni kiinua mgongo na malipo ya uzeeni yasiyomlazimu mzee aliyelitumikia taifa kulala nje ya milango ya ofisi. Nne, ni mjane na yatima kutofukuzwa kambini bila kujua wanakokwenda. Tano, ni tiba kwa aliyerudi na majeraha yasiyoonekana, yule asiyepata usingizi, anayeruka kitandani usiku, anayempiga mkewe bila kujua kwa nini. Mambo haya yote yanaweza kudaiwa na mtu anayevipinga vita, na mara nyingi yeye ndiye anayeyadai kwa nguvu zaidi, kwa sababu hana haja ya kuvipamba vita ili vipendeze.

Nasi raia tuna wajibu. Wako miongoni mwetu wanaofurahia kifo cha askari kwa kuwa wanaichukia serikali iliyomtuma. Wako wanaomtukana kijana aliyevaa sare njiani, ilhali hawathubutu kumwandikia barua mbunge wao. Huo ni woga uliojivika ushujaa. Marekani ilikuwa na somo hilo katika vita vya Vietnam. Mamilioni walivipinga vita hivyo, na hawakukosea kuvipinga. Lakini askari wengi waliorudi walipokewa kwa baridi, kama kwamba ni wao walioketi barazani wakaamua. Mwaka 1982 ulijengwa mjini Washington ukuta wa mawe meusi ulioandikwa majina ya waliokufa, na leo majina hayo yamepita 58,000. Ukuta huo hausemi kama vita vilikuwa vizuri au vibaya. Wasema majina tu. Aliyeviunga mkono vita na aliyevipinga husimama mbele yake bega kwa bega.

Na vita hivyo hivyo vyatupa mfano wa hesabu ya pili, ambayo hakuna rais awezaye kumlipia askari. Tarehe 16 Machi 1968, katika kijiji cha My Lai, kikosi cha Wamarekani kiliwaua mamia ya wanakijiji wasio na silaha. Luteni William Calley alikuwa mmoja wa walioongoza mauaji hayo, na baadaye alijitetea kwamba alikuwa akitii amri. Siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, rubani wa helikopta aitwaye Hugh Thompson aliona yanayotendeka, akatua kati ya askari wenzake na wanakijiji, akawaokoa aliowaweza. Walivaa sare moja, walitumikia serikali moja, walipigana vita vimoja. Thompson alidharauliwa kwa miaka mingi, na mwaka 1998 akapewa nishani kwa tendo hilo. Twauliza: nani kati ya hao wawili aliyeleta heshima kwa jeshi lake?

Ndugu askari, hamhitaji kwenda Vietnam kutafuta kanuni hiyo. Kanuni za mwenendo ambazo NRA ilijiwekea wakati wa vita vya msituni zilimkataza mpiganaji kumtukana raia, kumpiga, au kuchukua kitu chake bila kulipa. Na Katiba, katika kifungu cha 221, yawataka wanajeshi, polisi na vyombo vyote vya usalama kuzitunza haki za binadamu katika kazi zao. Kifungu hicho hakisemi kwamba haki hizo ni za raia wa Uganda peke yao. Mkongo aliyekimbia Ituri au Kivu, akafika Nakivale na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, ni binadamu wa kifungu cha 221. Mtakapompata njiani bila karatasi, au mtakapomhoji kituoni, kumbukeni kwamba huenda alikwisha kuwakimbia watu wenye sare mara tatu au nne kabla hajawafikia ninyi. Heshima ya sare yenu kwake itategemea dakika hizo chache.

Nanyi ndugu polisi, ninyi ndio mtakaotumwa siku ambayo raia watakusanyika kwa amani, bila silaha, kusema kwamba hawavitaki vita fulani. Kifungu cha 29 cha Katiba chawapa haki hiyo. Siku hiyo mtaambiwa kwamba watu hao ni maadui wa jeshi. Watazameni vizuri kabla ya kuinua virungu. Huenda katika umati huo yumo mama wa askari, na huenda kelele anayoipiga ni ya kumwita mwanawe arudi nyumbani.

Kuna jambo la mwisho, nalo lahusu lugha hii tunayoiandika. Katika sehemu kubwa ya Uganda, watu wa umri wetu walikisikia Kiswahili kwanza kwenye vizuizi vya barabarani. Kilikuwa lugha ya amri: simama, lala chini, toa pesa. Ndiyo maana wengi walikiogopa, na wengine wakakichukia, ijapokuwa Kiswahili chenyewe hakikuwa na kosa. Nacho kilibebeshwa deni lisilo lake, kama askari mwema alivyobebeshwa deni la vita viovu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Nakivale nayo ni lugha ambayo Mkongo na Mrundi hupatana bei kwayo, na watoto wao huchezea. Twatamani iwe pia lugha ambayo raia aweza kumwuliza askari swali bila kutetemeka, na askari akajibu bila hasira.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtakapomsikia mtu akivipinga vita, msikimbilie kudhani kwamba amewapinga ninyi. Msikilizeni kwanza ana neno gani. Akiwatukana, ana kosa, nasi tutamwambia. Lakini akiuliza kwa nini mnapelekwa, kwa idhini ya nani, kwa silaha zipi, na mtarudi lini, basi anadai sababu ambayo ni haki yenu. Mtu huyo yuko upande wenu, na kazi yenu ni kumlinda.